Mita Mia Moja na Arobaini

Leland Pruchnik, ulikaa safu ya nyuma
katika ukumbi wa michezo wa shule, hapa Toledo, Ohio,
kofia gotini, grisi ya winchi chini ya kucha,
ukaniacha nimalize.

Nilionyesha makutano yote ukutani:
barabara kuu mbili na vitanzi vinne
(kitanzi, neno hilo nililitamka bila kufikiri),
kazi ya mwaka sitini na mbili,
enzi za magari machache yenye mapezi ya bati.
Nilionyesha rangi. Nyekundu ya leo, kijani ya kesho,
njia moja zaidi kila upande,
dola milioni themanini na sita.
Ukanyoosha mkono kama mwanafunzi.
"Binti, rangi hizo hazijawahi kukanyaga breki."

Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa midomo tu.

Kesho yake, Novemba, saa kumi na moja na robo jioni,
uliegesha gari lako la kuvuta chini ya daraja,
pale saruji inapomomonyoka
na nondo zinachungulia kama mbavu.
"Hesabu," ukasema.
Nikahesabu.
Aliyetoka kitanzini anataka kuingia barabarani.
Aliye barabarani anataka kuingia kitanzini.
Wote wawili wamepewa mita mia moja na arobaini,
mlango mmoja kwa wanaobisha na wanaoaga,
kila mtu akimtafuta mwenzake
katika kioo kidogo kuliko kiganja.
Mwenda pole hajikwai, husemwa.
Hapa mwenda pole ndiye anayegongwa.

Kisha ukanipa daftari. Miaka thelathini na moja.
*Februari 3. Barafu. Buick ya kahawia. Mama na mtoto, wazima.*
*Juni 19. Kukavu. Lori la vioo. Tumefagia hadi alfajiri.*
*Agosti 30. Kukavu. Kijana.*
Baada ya "kijana" hukuandika kitu,
wala ukurasa ule hukuutumia tena.

Kompyuta yangu ilijua kila gari linapoteza sekunde ngapi.

Nilirudi ofisini nikafuta ile njia ya ziada.
Nikafuta vitanzi viwili, nikainua daraja moja jembamba,
ili atokaye atoke kwanza, ndipo aingiaye aingie:
adabu ya mlango wowote.
Bwana Dalrymple akasema kupanua ni rahisi zaidi.
Nikamwekea daftari mezani.
Alilisoma amesimama, halafu akavuta kiti.

Ndani ya kitanzi cha kusini, wapimaji waliniambia,
kuna ngazi tatu za saruji zinazopanda kwenda kusiko na mlango,
na kila Aprili nargisi huchipua kwa mstari ulionyooka,
zikifuata ukuta ambao haupo.
Michoro yangu imeweka hapo bwawa la maji ya mvua.
Nilikupigia simu. Nilijua ni nyumba ya nani:
jina lenu limo katika hati za fidia, limekosewa herufi mbili.
Nilisema naweza kulisogeza bwawa.
Ulinyamaza muda mrefu, injini ikinguruma nyuma yako.
"Mama alizipaka rangi ngazi zile kila Pasaka," ukasema.
Halafu: "Usisogeze kitu. Ngazi haziendi kazini asubuhi."

Nililisogeza, mita tisa. Hukuuliza, sikukuambia.
Labda nilikosea; maji yakijaa hufika ngazi ya kwanza.

Tulifungua majira ya vuli, bila bendi, mvua ikinyesha.
Yupo anayelalamika kwamba sasa anazunguka zaidi
kufika duka la matairi, na ana haki.
Foleni ya asubuhi imepungua, haijaisha.
Nawe, uliyekula mkate wako kwa makosa ya makutano yale,
umeuza winchi kwa mpwa wako.

Jana nimepata bahasha, hakuna barua ndani,
ukurasa mmoja tu uliochanwa kwa uangalifu:
*Januari 14. Theluji tangu saa nane. Nilikaa hadi saa mbili usiku.*
*Nimelala ndani ya gari.*